Elen na Omukama

J.R.R. Tolkien alitunga lugha, kisha akazitungia historia. Katika Quenya, nyota ni elen. Waelvi wake walipoamka gizani na kuona nyota, walitamka "ele!", yaani tazama, humo likatoka elen, na jina lao Eldar, watu wa nyota. Nalipenda neno hili, ila asili yake haina ubishi: aliyelitunga ndiye aliyelieleza.

Nimelisoma Kyerwa, mjomba akikamua ng'ombe. Kukamua kwa Runyambo ni okukama. Rumanyika wa Karagwe, aliyempokea Speke mwaka 1861, aliitwa Omukama. Sikio linasikia undugu hapo, lakini hakuna mtunzi wa kutuapia. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Neno likabaki kanisani. Bibi akisali "Omukama", hamkusudii Rumanyika. Anamaanisha Mungu.

Neno la Tolkien lilibadilika kwa kalamu ya mtu mmoja. Letu limebadilishwa na midomo mingi, bila ruhusa ya yeyote. Josephat Rugemalira alichapisha msamiati wa Runyambo mwaka 2002. Visa vya maneno hayo bado wanavyo wazee. Elen inaweza kunisubiri kabatini. Bibi hawezi.