Dadu, Majoka na Lugha ya Amri

Kitabu cha mchezo si kazi iliyozoeleka kwa wahakiki wa fasihi. Hata hivyo, Dungeons & Dragons, kilichotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani na kutolewa mwaka 1974, kinastahili kupimwa na mwalimu wa Kiswahili. Hadithi yake haisongi mbele mpaka wasikilizaji wenyewe waseme. Mwongozaji hueleza mandhari. Kila mchezaji hushika nafasi ya mhusika mmoja na kunena kwa kinywa chake. Penye shaka, dadu huamua.

Kifani, kazi hii ni ya kusifiwa. Mhusika hupimwa kwa sifa sita: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi na haiba. Mwenye nguvu aweza kukosa hekima, hivyo wachezaji hawana budi kutegemeana. Kasoro imo katika maudhui. Katika toleo lile la kwanza, mhusika hupanda daraja kwa kushinda mazimwi na kujipatia hazina. Kumsihi mtu akakubali hakumpandishi.

Kasoro hiyo ina uzito wa pekee hapa Namatala, mjini Mbale, wanakokutana wasemaji wa Kigisu, Kiteso na Kikaramojong. Kwa miaka mingi Waganda wengi walikisikia Kiswahili kinywani mwa askari. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973, lililokifanya lugha ya taifa, halikuiondoa hofu hiyo. Mwaka 2005 katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini sheria haiwezi kumfundisha mtoto kukipenda.

Nimeuongoza mchezo huu jioni kadhaa kwa vijana watano. Niliyaacha majoka, nikauweka mto Namatala ukifurika usiku, kama ulivyofurika pamoja na Nabuyonga mwishoni mwa Julai 2022, watu wakapoteza maisha. Katika hadithi yetu, bibi kizee mmoja alikataa kuiacha nyumba na mbuzi wake.

“Wewe, toka! Haraka!” akasema kijana wa kwanza.

Nikajibu kwa sauti ya bibi: “Kwani wewe ni askari?”

Wakacheka, kisha wakanyamaza. Kila mmoja alitafuta maneno mengine, asiyapate upesi. Hatimaye binti mmoja akapiga magoti kando ya meza: “Bibi, utusamehe kwa kukuamsha. Mbuzi tutawabeba sisi. Tunakuomba twende pamoja.”

Sikurusha dadu. Nilimpandisha daraja, kinyume cha kitabu.

Sidai kwamba mchezo huu hauna mipaka. Darasa kubwa haliuwezi. Wasemaji hodari huwafunika wanyamavu. Na mwongozaji asipojihadhari hugeuka mhubiri, kosa ambalo mimi mwenyewe nililikaribia. Aidha, mwalimu atakayeufuata mwongozo neno kwa neno atawafundisha vijana kupigana kuliko kuzungumza.

Juma lililofuata, kijana yule wa kwanza aliomba yeye awe bibi. Alikataa kuondoka mpaka wenzake walipomwamkia vizuri na kumweleza mbuzi watalala wapi. Kwa sababu hiyo, nawashauri walimu wenzangu wakisome kitabu hiki, waichukue fani yake, na maudhui wayatunge kutokana na mito na majirani wa kwao.