Hodi Mara Tatu

Shaaban Robert alikuwa karani. Kuanzia 1926 alitumikia forodhani, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake, kisha idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwishowe upimaji wa ardhi. Huko ndiko mshahara ulikotoka. Kusadikika, nchi inayoelea angani na kutuma wajumbe mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, haikulipiwa na ofisi yoyote kati ya hizo. Kitabu chake chenye jina hilo kilitoka 1951. Anayekisoma leo, hasa kijana aliyekesha na gemu za uhusika, atakuta mpango anaoujua: njia sita, kila moja na msafiri wake, hatari zake na maarifa ya kurudi nayo nyumbani.

Gemu za uhusika ni zile unazokabidhiwa mtu wa kumwongoza. Unatembea naye, unaongea kwa kinywa chake, unapigana kwa mkono wake, naye anakomaa kadiri safari inavyokwenda. Zilianza mezani, kwa karatasi na dadu, pale Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Wajapani wakazieneza kwenye televisheni za nyumbani, Dragon Quest ikitangulia 1986. Leo nyingi hutengenezwa na kampuni zenye mamia ya watu, lakini aina hii ya gemu haijawahi kuishiwa na watu wa usiku, wenye kazi nyingine mchana. Eric Barone wa Seattle alichora, akatunga muziki na kuandika programu nzima ya Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne, huku akifanya kazi ya muda ya kuelekeza watazamaji kwenye viti vya ukumbi wa maonyesho. Karibu na kwetu, Olivier Madiba wa Kameruni alianza kuiota Aurion mwaka 2003 akiwa mwanafunzi. Kampuni yake, Kiro'o Games, ilizaliwa Yaoundé mwaka 2013, na gemu yenyewe ikaingia sokoni 2016. Kutoka wazo hadi soko, miaka kumi na mitatu.

Watu hudhani ugumu uko kwenye kompyuta. Upo, ila umepungua sana. Godot, programu ya kutengenezea gemu iliyoanzia Argentina na kufunguliwa kwa umma 2014, ni ya bure na haidai mashine ya gharama. RPG Maker ya Wajapani inanunuliwa, na kwa mtu wa Chumbageni, Tanga, asiye na kadi ya benki inayokubalika nje huo peke yake ni mlima. Kuweka gemu kwenye duka la Steam ni dola 100, zaidi ya shilingi laki mbili, kabla hujauza hata nakala moja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, asiyehifadhi mapema anaanza upya. Haya yote yana dawa zake. Ninachokistahi mimi kwa fundi wa aina hii ni kitu kingine, yaani uvumilivu wake mbele ya vijambo vidogo ambavyo mchezaji atavipita kwa nukta moja ya saa.

Tuseme anatengeneza gemu ya pwani yetu. Binti wa miaka kumi na miwili, mjukuu wa nahodha wa Pangani, anatafuta dira ya babu yake iliyouzwa kimakosa. Atavuka mto kwenda Bweni, atafika magofu ya Tongoni, atamalizia mapango ya Amboni. Hadithi ni nyepesi, na iwe nyepesi. Sasa akifungua RPG Maker ya mwaka 2015, skrini moja ni vigae 17 kwa 13, yaani 221, na kila kigae lazima kiwe kitu fulani: mchanga, maji, ukuta wa chokaa, ukindu. Skrini moja haitoshi hata uwanja mbele ya forodha. Tamaa inamwambia achore na Tanga mjini, Ngamiani yote, na barabara zake za namba, moja baada ya nyingine. Akifanya hivyo gemu imekufa. Hakuna atakayemaliza kuchora nyumba zote zile, na akimaliza hatakuwa na watu wa kuziweka ndani.

Hapo ndipo ufundi unapoanza, katika kukata. Mafundi wa gemu hizi wana hila ya zamani: daraja limevunjika, rudi baadaye. Wachezaji wa kwingineko wamechoka nayo, lakini kwetu mto Pangani unapita baina ya mji na Bweni, na kwa miaka mingi watu wamevuka kwa kivuko. Kivuko kikisimama, dunia imefungwa upande wa kusini bila kigae kimoja kupotea, na hakuna msafiri wa pwani hii atakayeona ajabu kuambiwa asubiri. Sababu ya kufunga njia imetoka mahali penyewe. Hilo halifundishwi na programu yoyote.

Halafu kuna milango. Katika gemu nyingi za Kijapani shujaa huingia nyumba ya mtu asiyemjua, hufungua makabati, hubeba fedha, naye mwenye nyumba husimama pale pale akirudia sentensi moja kuhusu hali ya hewa. Nimecheza hizo miaka mingi bila kutaabika. Lakini mpe binti wa Pangani tabia hiyo na kila bibi atakayeiona skrini atauliza katokea wapi. Fundi makini ataweka kitufe cha kupiga hodi. Atabisha mara tatu kama adabu inavyotaka, na asipoitikiwa ageuke aende zake. Ghafla desturi imekuwa kanuni ya mchezo: nyumba fulani huitika alasiri tu, nyingine huitika ukija na mtu wanayemjua. Na shikamoo nayo ni kazi. Kila mhusika lazima awekewe umri ili programu ijue nani anaamkiwa na nani ni wa "mambo". Mzee asiyeamkiwa atajibu kwa neno moja na habari ya dira ataimeza. Hakuna upanga uliochomolewa, na tayari mchezaji ameshindwa kitu.

Kigumu zaidi, na ambacho mafundi wanaoandika kwa Kiingereza hawakutani nacho, ni sentensi. Zana hizi zimejengwa kwa sentensi yenye nafasi wazi, ambamo jina la kitu huchomekwa. Kiingereza kinaivumilia. Kwetu kisu kimevunjika, upanga umevunjika, jembe limevunjika, ngalawa imevunjika. Sentensi moja inadai vitenzi vinne. Basi fundi huandika jedwali: kila kitu cha kwenye mkoba, jina lake, wingi wake, ngeli yake. Mbuzi anaonekana kama wa ngeli ya nguo na nyumba, lakini ni kiumbe, kwa hiyo amepotea, si imepotea. Kisha zije namba. Visu viwili, vitatu, vinne, vitano, halafu sita na saba hazibadiliki, nane inabadilika, tisa na kumi hazibadiliki. Fundi mvivu hukwepa na kuandika "Kisu x 3". Mvumilivu hukaa na jedwali lake hadi mashine iseme "visu vitatu vimeanguka majini" kama mtu wa Tongoni. Mchezaji hataona chochote, kwa sababu Kiswahili kilicho sawa hakionekani. Angeona kosa tu.

Hesabu za vita zina ujanja wa namna hiyo. Mpe papa uhai wa 30, binti uhai wa 25, na kila papa akiuma apunguze 6. Binti anapiga kwanza. Chusa chenye nguvu 7 kitahitaji mapigo matano, katikati papa atauma mara nne, na binti atabaki na uhai 1. Ushindi wa kutetemesha. Chusa chenye nguvu 8 kinamaliza kwa mapigo manne, anabaki na 7, anapumua. Lakini chusa cha 6 nacho ni mapigo matano. Maana yake anayeuza samaki wiki nzima ili atoke kwenye chusa cha 6 kwenda cha 7 hajanunua kitu mbele ya papa huyu, na atalihisi hilo hata kama hajui kulieleza. Fundi huyagundua haya kwa penseli, usiku. Ama anapunguza uhai wa papa hadi 28, mapigo manne ya 7 yatoshe, ama anafuta chusa kimojawapo. Napenda zaidi anayefuta.

Muziki hauazimwi hivi hivi. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotia gitaa na besi katika taarab na kubadili masikio ya pwani nzima, na kishawishi cha kuchukua wimbo wa mwimbaji Shakila na kuupachika kwenye soko la samaki ni kikubwa. Lakini ni kazi ya watu. Afadhali noti chache alizotunga mwenyewe kwenye simu.

Kuhusu Amboni nina msimamo. Mapango ya mawe chokaa, popo, giza, na simulizi za wenyeji kwamba handaki lake hufika Mombasa au hata Kilimanjaro: fundi yeyote angelia kwa furaha. Gemu za aina hii huishi kwa mapango. Ila ndani mle watu bado huenda kutambika. Kuweka jini la kupigwa na sanduku la dhahabu pale mtu alipoacha nadhiri yake ni uchafu, hata kama kigae kimechorwa vizuri kiasi gani. Chumba kile kiachwe kitupu, au binti asimame mlangoni na gemu imkatalie kuingia bila maelezo. Mchezaji wa mbali atadhani ni hitilafu. Adhani hivyo.

Mwishoni huja siku ambayo kila fundi wa peke yake huiogopa. Anampa simu mtu mwingine, labda jirani ambaye hajawahi kushika gemu, anakaa nyuma yake na kujizuia kusema. Simu, kwa sababu wachezaji wa hapa wako kwenye simu, na gemu nzito itakayomaliza bando haitapakuliwa. Jirani hamwendei mzee aliyekaa barazani, ambaye majibizano yake yaliandikwa mwezi mzima. Anakwenda moja kwa moja ufukweni, kwenye ngalawa iliyochorwa kama pambo, na kubonyeza, na kubonyeza tena, akitaka kupanda. Fundi anarudi nyumbani na hesabu mpya: ngalawa ile ipande watu, na bahari yote nyuma yake ichorwe, au ifutwe kesho yake na mchanga uwekwe mahali pake.