Natsume Yujin-cho: Mzimu Hautishi, Sebule Ndiyo Inatisha

Anime za shule zenye viumbe vya ajabu tunazijua. Mwanafunzi anahamia shule mpya, kitu kinamchungulia dirishani, na kabla episodi ya tatu haijaisha ameshakabidhiwa upanga. Natsume Yujin-cho, yaani Kitabu cha Marafiki cha Natsume, inaanzia hapohapo, ila upanga hauji. Tangu ilipoanza kuoneshwa Julai 2008 hadi msimu wa 7 wa mwaka 2024, kijana huyu hajaiokoa dunia hata mara moja. Anakwenda shule, anarudi, anakula chakula cha jioni. Njiani anarudishia wenyewe majina yao.

Takashi Natsume ni yatima anayeona yokai. Kiswahili hakina neno moja la kuwabeba hawa: wengine wanakaribiana na majini, wengine na mizimu, wengine ni miungu midogo ya vibanda vya njiani. Bibi yake, Reiko, naye aliwaona. Aliwashinda, akawaandikisha majina yao kwenye daftari, na anayeshika daftari anawaamuru wenye majina. Natsume amelirithi, na badala ya kulitumia anachana karatasi mojamoja na kuwaachia huru. Pembeni yake yuko Nyanko-sensei, yokai mwenye nguvu aliyejificha kwenye umbo la paka kibonge anayependa pombe. Makubaliano yao ni kwamba Natsume akifa, daftari ni la paka.

Ukisimuliwa hivyo utadhani ni hadithi ya mizimu. Mimi nasema ni hadithi ya mtoto aliyeitwa mwongo. Kabla ya kufika kijijini kwa akina Fujiwara, Natsume alipokezanwa na ndugu kama mzigo usio na mwenyewe. Na hapa ndipo Yuki Midorikawa, mtunzi wa manga iliyozaa anime hii, anapoonesha ukomavu: ndugu wale hakuwafanya makatili. Hakuna mama wa kambo wa kwenye ngano. Kuna watu waliochoka tu, wenye watoto wao, wanaoishi na mtoto anayepiga kelele akionyesha kidole mahali pasipo na kitu. Yokai wenye jicho moja hawajanitia hofu. Kilichonitia hofu ni sebule ambamo watu wazima wanajadili kwa sauti ya chini nani amchukue safari hii, na mtoto yuko nyuma ya mlango, anasikia.

Kwa hiyo anapowapata Touko na Shigeru, wanandoa wasio na mtoto wanaompenda bila masharti, anawaficha anachokiona. Anaogopa kuharibu. Hawaiti baba na mama. Anawaita kwa majina yao, kwa heshima. Mtazamaji asiye na subira atauliza, si awaambie tu yaishe? Lakini angalia jinsi siri hiyo ilivyogawanywa kwa watu wanaomzunguka. Wanafunzi wenzake, Nishimura na Kitamoto, hawajui lolote, wanataka tu kwenda naye kuvua samaki. Tanuma, mtoto wa kasisi wa hekalu, anaona vivuli na kuumwa kichwa. Taki haoni kabisa, mpaka yokai akanyage duara alilolichora chini. Kila mmoja anamjua Natsume kwa kipimo chake, na urafiki unapimwa kwa jinsi mtu anavyobaki na asichokiona. Mambo ya shule hapa hayakuwekwa kama pambo. Mwaliko wa kutembea baada ya masomo, kwa mtoto ambaye hakuwahi kualikwa, ni tukio zito kuliko pambano lolote.

Sauti inasaidia sana. Hiroshi Kamiya anamsemesha Natsume kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo, halafu misimu inavyosonga sauti inapata kifua. Hakuna anayetutangazia badiliko hilo, tunalisikia wenyewe.

Tusifie, lakini tusifumbe macho. Fomula ipo: yokai anakuja, haeleweki, anarudishiwa jina, kumbukumbu za Reiko zinapita, machozi, muziki laini. Kufika msimu wa tatu unaweza kutabiri dakika ya kulia. La pili ni zito zaidi. Wapunga yokai, hasa Seiji Matoba anayewatumia viumbe hawa kama vifaa, wanaleta swali la haki kabisa: huruma ya Natsume itamgharimu nani siku itakapokosea? Hadithi inalileta swali hilo mezani, inalizunguka, kisha inarudi kijijini kunywa chai. Utulivu ni tunu yake, lakini mara nyingine unakuwa maficho.

Hata hivyo, pale inapolenga inapata. Episodi ya pili ya msimu wa kwanza ina mungu mdogo wa kibandani ambaye amesinyaa akatosha kiganjani, kwa sababu amebakiwa na muumini mmoja tu, bibi kizee. Yeye mwenyewe anajua bibi akifa naye hayupo, na hataki kuokolewa. Episodi ya nane ina mwanamume aliyekuwa akikutana na yokai wa kike, mpaka siku moja uwezo wa kumwona ukamtoka ghafla. Yule yokai akaendelea kukaa kando yake, haonekani. Sasa mwanamume anakaribia kuoa, na yokai anachagua kugeuka kimulimuli, mdudu wa maisha mafupi, kwa sababu kimulimuli kila mtu anakiona.

Kama una jioni moja tu, anza na hizo mbili. Ukibaki mkavu, anime hii si yako na hatugombani. Ukiguswa, misimu saba inakusubiri, na nakushauri usizitazame zaidi ya episodi mbili kwa siku. Haikutengenezwa kwa ajili ya kukimbizwa.