Elimu ya Kujitegemea: Tuisome Tena Hapa Gatete

Elimu ya Kujitegemea ni kijitabu alichokitoa Julius Nyerere Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Wazee wetu wengi hawakukisoma, ila walikilima. Waliokimbia Rumonge mwaka 1972 wakafikia Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watoto wao walisoma kwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, na jembe lilikuwa sehemu ya masomo.

Mimi ninafanya kazi na vijana hapa Gatete, waliorudi kutoka Tanzania na wenzetu waliovuka ziwa kutoka upande wa Fizi. Nimekisoma kijitabu hiki nikiwa na swali wanaloniuliza kila wiki: kusoma baada ya sekondari kunaleta nini? Maana kila mmoja anamjua mtu mwenye diploma ambaye bado anakamua mawese au anaanika ndagala sawa na asiyesoma.

Kwanza tumpe Mwalimu haki yake. Alirithi shule za mkoloni zilizomwandaa mtoto awe karani na adharau jembe la baba yake. Wakati ule kati ya watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kama 13 tu walipata nafasi ya sekondari. Waliobaki waliambiwa wameshindwa. Nyerere akakataa: shule ya msingi iwe na maana yake yenyewe, isiwe ngazi ya kupandisha wachache. Hapo niko naye kabisa. Wala hakutaka mikono mitupu. Alitaka mtoto mwenye akili ya kuuliza, anayejua kuchukua ya wengine na kuacha yasiyomfaa, na anayejiamini.

Ninapogombana naye ni kwenye elimu ya juu. Mwaka 1964 alitoa mfano ambao watu bado wanaurudia: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi nao, ni msaliti. Mfano mzuri, bwana, lakini una shimo. Unadhani kijiji kinajua tangu mwanzo kila kitu kinachostahili kuletwa.

Mwangalie yeye mwenyewe. Alisoma Makerere, akaenda Edinburgh, akapata shahada mwaka 1952. Mwaka 1963, akiwa rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Hakuridhika, akaisahihisha, na 1969 ikatoka kama Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Nani Tanzania alikuwa na njaa ya Shakespeare? Hakuna aliyemtuma. Alipenda lugha, alitaka kuona Kiswahili kinaweza nini, akakaa chini akafanya. Kwangu mimi kazi hiyo inakijibu kijitabu chake vizuri kuliko mpinzani yeyote.

Sasa tujitazame. UNHCR imeweka lengo kwamba ifikapo 2030, vijana wakimbizi 15 kati ya 100 wawe katika elimu ya juu. Lengo jema. Lakini sisi wenyewe tukiwaombea vijana wetu nafasi, tunazungumza ajira tu. Eti atakuwa muuguzi, atasaidia familia. Mtoto wa tajiri anaruhusiwa kusoma nyota kwa sababu anazipenda. Wa kwetu lazima kwanza athibitishe atalipa.

Kuna binti katika kikundi chetu anayetaka kusoma historia. Mjomba wake anasema cherehani inalisha, historia hailishi. Mjomba hasemi uongo, na cherehani ni kazi ya heshima. Lakini binti amekulia kwenye nyumba ambayo 1972 inatajwa kwa kunong'ona, na anataka kujua. Sisemi historia itamtatulia kesi ya shamba. Nasema hamu yake inatosha kuwa sababu. Tukimnyima kwa kuwa ni maskini, tumeshaamua yeye ni mikono tu, jambo ambalo Mwalimu mwenyewe alilikataa.

Basi ombi langu kwa wazazi na wote wanaokaa kwenye kamati za kuchagua watoto wa kusomeshwa: baada ya kuuliza "utafanya kazi gani?", ongezeni swali la pili, "unataka kujua nini?" Halafu subirini jibu. Na wazee mliolima shamba la shule kule Mishamo au Katumba, tuandikieni humu. Nyinyi mnajua kilichofundishwa pale kuliko kijitabu.