Kupindua Kope Loliondo

Mtoto wa Kimasai akikutana na mkubwa huinamisha kichwa aguswe utosini, na hapo ameshaamkia. Nesi wa macho anayezunguka vijiji vya Loliondo huipokea salamu hiyo kwanza, na kiganja chake hakiondoki. Kinateleza hadi kwenye paji la uso na kumgeuza mtoto taratibu kuelekea mwanga. "Angalia chini, baba. Vidole vya mguu viko vingapi?" Mtoto anaanza kuhesabu, kope ya juu inalegea. Kidole gumba na cha shahada vinashika nywele za kope, vinazivuta kidogo chini na mbele, na kijiti cha pamba kinagusa kope kwa juu, pale kipande kigumu cha ndani kinapoishia. Kope inapinduka. Mtoto bado anahesabu.

Kupindua kope kunafundishika. Kinachostahili kustaajabiwa ni namna nesi anavyousoma utando wa ndani uliojitokeza. Wewe na mimi tungeona wekundu tu, na huku jicho jekundu halina uhaba wa sababu: vumbi, jua kali, moshi ndani ya nyumba, nzi wanaofuata ng'ombe. Kati ya magonjwa yote, mawili humpa kazi zaidi. La kwanza ni trakoma, au vikope kama wengi wanavyoiita. Ngorongoro, iliko Loliondo, ni kati ya wilaya za Tanzania ambako imekawia kutoka. La pili ni mzio sugu wa macho, ambao kwa kawaida huanza kabla ya miaka 10, huwapata zaidi wavulana, na mara nyingi hupungua wakishabalehe. Katika yote mawili, sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na seli za kinga za mwili wenyewe. Swali la nesi ni seli zipi ziko kazini, na zimejipangaje.

Katika trakoma, iletwayo na bakteria Chlamydia trachomatis, limfosaiti, aina mojawapo ya seli hizo, hujikusanya mafungumafungu chini ya utando. Kila fungu huonekana kama kinundu cheupe kilichofifia, na mishipa ya damu hupita pembeni yake. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1987 inataka vinundu 5 au zaidi, kila kimoja kisipungue nusu milimita, kwenye eneo la kati la kope ya juu. Nusu milimita, kwenye kope ya mtoto anayetaka kurudi kucheza, kwa miwani inayokuza mara 2.5 tu! Kabla ya kuruhusiwa kupima katika tafiti za trakoma, mpimaji mwenyewe hupimwa: anakagua watoto 50, majibu yake yanalinganishwa na ya bingwa, na kiwango cha kukubaliana kwao kikiwa chini ya 0.7 haruhusiwi kuingia kazini.

Mzio una sura nyingine. Vipele vyake vina mshipa wa damu katikati, na vikikomaa hubanana, juu vikiwa bapa, kama punje za hindi kwenye gunzi. Chini yake wa kwanza kufika kazini ni seli za masti, ambazo Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Zimejaa vifuko vya histamini, na juu yake zimebeba kingamwili ya IgE. Chavua au vumbi linalooana na kingamwili hiyo likigusa, vifuko vinapasuka, na katika dakika chache jicho linawasha, linavimba na kutoa machozi.

Mambo yangeishia hapo, mtoto angepona msimu ukipita. Usugu unaletwa na limfosaiti T saidizi za aina ya pili, zinazotoa protini za ishara: interlukini 4 na 13 za kuchochea IgE zaidi, na interlukini 5 inayoita seli nyingine za kinga, eosinofili. Eosinofili zikija hazina haraka ya kuondoka. Protini zake, silaha za kupambana na minyoo, huunguza kioo cha jicho, na hali ikizidi hukiachia kidonda.

Eosinofili moja haionekani bila hadubini, kwa hiyo nesi hutafuta zilizorundikana. Anairudisha kope mahali pake, kisha anaiinua tu bila kuipindua na kukagua mpaka kati ya weusi na weupe wa jicho. Kwa watoto wengi wa Kiafrika mzio huu hupenda kutua hapo: ukingo unavimba, unakuwa wa kahawia, na juu yake vinatokeza vitone vyeupe viitwavyo vitone vya Horner-Trantas. Kila kitone ni rundo la eosinofili na seli za utando zilizokufa. Trakoma nayo huacha alama kwenye ukingo huohuo: vishimo vya Herbert, makovu ya vinundu vilivyopona. Vitone vimeinuka, vishimo vimezama. Nesi analaza tochi upande, mwanga unapita juu ya jicho kimshazari, na tofauti inajitokeza. Hata akishapata jibu haachi kukagua, maana mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Kukosea hapa ni ghali. Asithromaisini huua bakteria wa trakoma, lakini haitulizi mzio. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, hutuliza mzio haraka, mama anafurahi, chupa inanunuliwa tena dukani bila cheti. Huku presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu, na mtoto wa jicho akaanza kuota. Mwaka 2012 Stefan De Smedt na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Rwanda kwa matone ya siklosporini, dawa inayozizuia limfosaiti T: yalifanya kazi sawa na deksamethasoni, ila yalichoma zaidi yakitiwa. Kromoglikati, iliyo salama kuliko steroidi, huzuia seli za masti zisipasue vifuko, kwa hiyo inataka kutiwa kila siku, hata jicho likiwa jeupe. Hilo nalo ni la nesi kulieleza: "Mama, hii si ya kuondoa wekundu wa leo. Ni ya kuzuia wa kesho."

Hata maabara huanza na mkono huu. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa London walipotaka kujua jinsi kovu la trakoma linavyojengeka, walifuatilia watoto wa vijiji vya kaskazini mwa Tanzania kwa miaka 4, wakizipindua kope zao kila baada ya miezi 3.

Kazi ya nesi huishia kwenye daftari. Akiandika "macho mekundu" atakuwa amerudia tu maneno ya mama. Akiandika "vipele vyenye mshipa, vitone ukingoni, kioo kizima", basi mtoto akipewa rufaa ya hospitali ya Wasso au Moshi, daktari atajua jicho lilikuwaje siku ile, na ataweza kusema kwa uhakika kama dawa inasaidia au inaliharibu.