Kibao kilichozikwa upande B

Kuiweka "To Sir with Love" ya Lulu upande B lilikuwa kosa la wazi, na prodyuza wake Mickie Most hana pa kujificha. Wenye santuri hiyo mnakumbuka: Uingereza, 1967, upande A wa Lulu ni "Let's Pretend". Wimbo mchangamfu, ukapigwapigwa, ukakwama nafasi ya 11. Mpaka uigeuze sahani ndipo unakutana na kazi yenyewe.

Sikilizeni tena anavyouingia. Binti huyu wa Glasgow, aliyefungua "Shout" ya 1964 kwa ukelele wa kukwaruza koo akiwa na miaka 15, hapa anaanza chini, kama anayezungumza. Fidla alizozipanga Mike Leander zinamfuata bila kumsukuma. Hapandishi sauti mpaka wimbo umdai. Mkwaruzo bado upo, ila ameubana. Anauachia kidogo tu pale melodi inapopanda, kisha anaurudisha. Mwimbaji wa miaka 18 anayejua kujizuia namna hiyo unamfichaje nyuma ya sahani? Maneno kaandika Don Black, muziki Mark London, na Lulu mwenyewe yumo kwenye filamu ya jina hilohilo, darasani kwa Sidney Poitier. Prodyuza alikuwa anasubiri nini tena? Marekani wimbo ulikaa namba moja wiki 5. Nyumbani haukuingia hata kwenye chati.

Wala hakuteleza mara moja. Mwaka uleule Most huyohuyo alimwimbisha mpiga gitaa Jeff Beck "Hi Ho Silver Lining", halafu "Beck's Bolero" akaitupa, wapi kama si upande B! Nimelisema hili hadi wengine wamechoka: yule bwana alikuwa na sikio la muuza duka. "House of the Rising Sun" ya Animals aliiacha na dakika zake nne na ushee. Hapo apewe haki yake.

Halafu tukaletewa "Boom Bang-a-Bang" ya Lulu kwenye Eurovision. Madrid, 1969, pointi 18, ushindi wa kugawana na Uhispania, Uholanzi na Ufaransa. Mwaka huohuo Dusty Springfield alikuwa na albamu yake "Dusty in Memphis". Tofauti ni hiyo tu: Dusty aling'ang'ana studio mpaka atoke na sauti anayoitaka, Lulu alikuwa akipangiwa. Mweke Muscle Shoals, Alabama, chini ya prodyuza Jerry Wexler, uone: "Oh Me Oh My" aliyoirekodi huko ni wimbo ambao Aretha Franklin mwenyewe aliurudia. David Bowie naye alimfanyia vizuri 1974 kwa "The Man Who Sold the World", nafasi ya 3.

Namba moja ya Uingereza aliipata Oktoba 1993, ana miaka 44, tena akiwa mwalikwa tu kwenye "Relight My Fire" ya kundi la Take That.