Tire dié na Sauti za Kuazima

Anayekwenda Argentina au Kuba kujifunza Kihispania na utengenezaji wa filamu za hali halisi hakawii kuoneshwa Tire dié, filamu ya Fernando Birri kuhusu maskini wa Santa Fe, Argentina, na huambiwa aipigie saluti. Mimi naipigia nusu.

Picha sina neno nazo. Ile kamera inayokimbizana na watoto kwenye daraja la reli, wakiomba sarafu kwa abiria wa treni, ni kazi safi. Kilichoharibika ni sauti, na hakikuharibika kwa bahati mbaya tu.

Inakuwa hivi. Mkazi wa kitongoji anafungua kinywa, sauti yake inachomoza kidogo, mara inafunikwa na ya mtu mwingine: Francisco Petrone au María Rosa Gallo, waigizaji waliozoea jukwaa. Mtaa mzima wa maskini wa Santa Fe umegawiwa sauti mbili zilizofundishwa kutamka. Kigugumizi cha mtu anayehesabu kipato chake mbele ya wageni kimekwenda, pumzi imekwenda, na lafudhi ya kando ya mto Salado imekwenda nayo. Mwanafunzi aliyevuka bahari kuisikia lafudhi hiyo anaambulia darasa la maigizo.

Watetezi wana jibu lao: kinasa sauti kilikuwa duni, maneno hayasikiki vizuri. Sawa. Kama hayasikiki, andika maneno chini ya picha uache sauti ya mwenyewe ipite na mikwaruzo yake. Birri na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Litoral waliionesha filamu mwaka 1958, wakaipunguza, na toleo la 1960 likabaki na dakika 33. Walioweza kuikata upya hivyo wangeweza pia kuamua nani aseme.

Tena walikuwa na mfano. Mwaka 1935, watengeneza filamu Arthur Elton na Edgar Anstey waliingia vyumba vibovu vya Stepney, London, na mitambo mizito, wakawaacha wapangaji waeleze panya na kunguni kwa vinywa vyao katika filamu ya Housing Problems. Wapangaji wamesimama wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti, lakini wanasema wao. Na aliyekosa kamera ya kunasa sauti papo hapo angefanya kama mtengeneza filamu Jorge Prelorán alivyomfanyia baadaye Hermógenes Cayo, mhusika wa filamu yake: rekodi mazungumzo pembeni, kisha tandaza sauti ya mwenyewe juu ya picha zake.

Nalilalamikia hili maana video za miradi ya maendeleo kwetu zimeugua ugonjwa uleule: bibi wa kijijini anaongea, mtangazaji wa mjini anambandikia Kiswahili cha taarifa ya habari. DJ Lufufu alipotafsiri sinema za kigeni kwa sauti yake, angalau kila mtu kwenye kibanda cha video alijua anayesema ni Lufufu.

Nikirudi kwa Tire dié, utafiti wake wa awali, wa wanafunzi kuzunguka mitaani na kamera za picha mnato kabla ya filamu, ulikuwa mzuri. Birri alikuwa amesomea Roma, kwenye chuo cha filamu cha Centro Sperimentale, na umakini huo unaonekana. Lakini sinema ya Italia ya wakati ule nayo ilizoea kutia sauti studio baada ya kupiga picha, na nashuku tabia hiyo ilipanda naye meli kurudi nyumbani.